Jinsi ya kuchagua mjadala bora wa mwaka kwenye kundi lenu (paka asishinde)

Assalaam aleikum, karibuni. Leo sichezi bao. Ninalo hapa mbele yangu kama mnavyoliona, na kete zote 64 zipo, lakini leo nitazitumia kuhesabia kura.

Mwaka jana kundi letu la WhatsApp la wacheza bao lilichagua mjadala bora wa mwaka. Mimi ni mmoja wa maadmini, kwa hiyo lawama ni zangu. Alishinda paka. Mwenzetu alirusha video ya paka wake kalala juu ya bao, mkia umeziba nyumba, lile shimo kuu la mchezaji, watu wakacheka siku mbili na kubishana kama kete zilizolaliwa zinahesabika. Basi, huo ndio ukawa mjadala bora wa mwaka. Ule wa takasia, yaani kanuni ya kulifunga shimo la mpinzani asianzie hapo, uliotukesha wiki mbili mpaka mzee wetu mmoja akapanga bao lake kete kwa kete na kulipiga picha ili atuoneshe, ukawa wa pili.

Sina ugomvi na paka. Ila watu wengi hawakumtaka paka, na bado kashinda. Kosa lilikuwa kwenye namna tulivyopiga kura, na ndilo nataka kuwaonesha msilirudie. Uwe una kundi la wafuga njiwa, la wapanda maua au la watazama ndege, utaratibu ni huu huu.

Hatua ya kwanza, kubalianeni mjadala ni nini. Sisi tumeweka masharti mawili tu: wawe wamechangia watu watano au zaidi, na pawe na swali ambalo watu hawakukubaliana tangu mwanzo. Picha nzuri iliyopata emoji mia si mjadala. Tangazo la mashindano si mjadala. Na semeni mapema kwamba kinachoshinda ni mjadala, si mtu aliyeuanzisha, maana bila hivyo kila mtu atampigia rafiki yake.

Hatua ya pili ni kukusanya, na hapa ndipo penye kazi. Usingoje Desemba. Ukiona mjadala umeanza kunoga, hata kama ni Februari, bonyeza ujumbe wa kwanza mpaka ushikike, kisha uwekee nyota. Mwisho wa mwaka unafungua zile zenye nyota na zote zinakungoja. Kama hukufanya hivyo, ingia kwenye kutafuta ndani ya kundi uandike neno ambalo halikosi kwenye ubishi. Kwetu sisi ni "kanuni". Kwa wafuga njiwa sijui, labda "mayai". Unaweza pia kugusa alama ya kalenda ukaruka moja kwa moja hadi tarehe unayoikumbuka.

Tatizo ni ujumbe wa sauti. Wazee wetu hawaandiki. Mtu ana miaka sabini, anajua bao kuliko sisi sote, anabonyeza kipaza sauti anaongea dakika sita huku adhana na pikipiki vinasikika nyuma. Kutafuta kwa neno hakumpati huyo. Kwa hiyo ukisikia sauti yenye maana, ijibu pale pale kwa kuandika mstari mmoja wa kilichosemwa, mfano: "Mzee anasema nyumba usiiachie mapema." Mstari huo ndio utakaoutafuta mwezi wa kumi na mbili. Mwaka jana sikufanya hivi, nikakaa usiku mzima na spika masikioni, mke wangu akaniuliza kama nimeajiriwa redioni.

Hatua ya tatu. Usiwaletee watu majina ya mijadala na kuwaambia wachague. Hawakumbuki. Watakumbuka cha wiki iliyopita, na cha Machi kitakufa. Andika muhtasari wa kila mjadala, mistari minne au mitano, na kila muhtasari uwe na swali lenyewe, pande mbili zilivyosema, na sentensi moja iliyowasisimua watu, kwa maneno ya aliyeisema, baada ya kumwomba ruhusa. Nitawasomea wa takasia nilioandika mwaka huu, niliporudia kazi (mtaji ni awamu ya pili ya mchezo, kete zote zikiwa zimeshaingia baoni, na kutakata ni kucheza bila kula):

"Mko kwenye mtaji. Hakuna wa kula, wote mnatakata. Nimetakata, na sasa nalitishia shimo lako moja tu. Je, unaweza kulianza shimo hilo ukalikimbiza, au limetakasiwa na limefungwa? Wengi wakasema limefungwa. Akaja wa Lamu akauliza: na kama ndilo pekee lenye kete mstari wa mbele? Hapo kundi likawaka moto."

Umeona? Hata asiyejua bao anasikia kuna jambo. Tuma mihtasari hiyo moja kwa siku, saa moja usiku watu wakiwa wametulia. Usiitume yote kwa mpigo. Kwetu, mjadala wa takasia ulifufuka upya siku tulipotuma muhtasari, na mimi nilifurahi zaidi kwa hilo kuliko kwa kura yenyewe.

Sasa hatua ya nne, aina ya kura. Sogeeni karibu. Haya mashimo manne ya mstari wa mbele ndiyo wagombea wetu wanne wa mwaka jana. Shimo hili ni paka. Hili ni takasia. Hili ni ule mjadala wa nyumba, kwamba kete zikiishia nyumbani ulale, yaani zamu yako iishe, au uende safari, yaani uzichote uendelee. Na hili la mwisho ni wa utunzaji wa bao, kama bao la mninga upake mafuta gani lisipasuke. Walipiga kura watu 41, kila mtu chaguo moja. Naweka kete: paka 14, zinajaa shimo. Takasia 11. Nyumba 9. Mninga 7.

Angalia shimo la paka, halafu angalia haya matatu. Kumi na nne huku, ishirini na saba kule. Watu 27 walitaka mjadala wa bao kweli, lakini wamegawana mashimo matatu, na paka kalala peke yake kwenye shimo lake. Ukimpa kila mtu chaguo moja tu, wanaofanana ladha wanaumizana wenyewe kwa wenyewe. Hakuna aliyeiba kura hapo.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza, kila mtu apange wagombea kwa mfuatano, wa kwanza mpaka wa mwisho. Mnahesabu chaguo la kwanza. Kama hakuna aliyevuka nusu, na nusu ya 41 inavukwa na 21, mnamwondoa wa mwisho na kura zake zinakwenda kwa chaguo la pili la kila mpiga kura. Tufanye. Wa mwisho ni mninga, kete 7. Nazichota zote, shimo linabaki tupu. Tuseme watano kati yao walimwandika takasia wa pili, wawili wakaandika nyumba. Natia tano hapa, mbili hapa. Sasa takasia 16, paka 14, nyumba 11. Bado hakuna aliyefika 21. Anaondoka nyumba. Nachota 11: tisa zinakwenda takasia, mbili kwa paka, maana wapenda paka wapo kila mahali. Takasia 25, paka 16. Kwisha. Kete ni zile zile 41, hakuna iliyoongezwa wala kupotea, ila safari hii mshindi ana zaidi ya nusu ya kundi nyuma yake.

Kuhesabu hivi mbele ya watu kunapendeza. Mnaweza kurekodi kama ninavyofanya mimi, na hata mtoto anafuata. Ubaya ni kwamba kura ya WhatsApp haina njia ya kupanga mfuatano. Itabidi watu wakutumie inboksi herufi, mfano B, C, D, A, au utumie fomu ya Google.

Hii inanikumbusha wapenzi wa hadithi za kubuni za kisayansi na tuzo yao ya Hugo, ambayo ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1953. Wanapiga kura kwa kupanga mfuatano hivi hivi, na kwenye karatasi kuna mstari wa ziada: hakuna tuzo. Mwaka 2015 kuna watu walijipanga wakajaza uteuzi kwa orodha yao. Wapiga kura hawakugombana. Wakaweka "hakuna tuzo" juu, na vipengele vitano vya tuzo vikabaki bila mshindi. Mimi mwaka huu nimeuweka mstari huo kwenye kundi letu. Bado haujashinda, lakini upo, na unawafanya wapiga kampeni wapunguze kelele.

Dawa ya pili ni nyepesi, na kwa kundi la WhatsApp la watu chini ya mia ndiyo ninayoipendekeza: kila mtu aweke tiki kwa mijadala yote anayoona inastahili. Mmoja, miwili, mitatu, hiari yake. Fungua kiambatisho ndani ya kundi, chagua kura, andika swali, weka wagombea. Nafasi ni 12 tu, kwa hiyo chujeni kwanza, na sita wanatosha. Chini kabisa kuna kitufe cha kuruhusu majibu zaidi ya moja. Hakikisha kimewashwa kabla ya kutuma. Mwambie kila mtu mapema kwamba anayeweka tiki kwa wote hajapiga kura, kajifurahisha tu.

Swali unalomuuliza mtu hapo ni "upi unaokubalika kwako", na hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Mwaka 1981 Umoja wa Mataifa ulikwama kumpata Katibu Mkuu: China ilikuwa ikimzuia Kurt Waldheim, aliyekuwa akitaka kuendelea na kiti hicho, Marekani ikimzuia Salim Ahmed Salim wetu. Wote wawili walipojitoa, rais wa Baraza la Usalama mwezi ule, Olara Otunnu wa Uganda, akaendesha kura ya siri isiyo rasmi ili ijulikane nani hatazuiwa na mwenye veto. Akapatikana Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Mimi kama Mzanzibari bado roho inaniuma kwa Salim, lakini njia ya Otunnu niliielewa.

Hatua ya tano, siri. Kura ya WhatsApp inaonesha majina. Ukigusa tu pa kuangalia kura, unamwona nani kachagua nini. Kwa wapanda maua labda si neno. Kwa wacheza bao ni neno kubwa, maana mwanafunzi hawezi kuonekana anaupita mjadala wa fundi wake. Mwaka jana nilimwona kijana mmoja anaweka kura, baada ya dakika tatu kaitoa na kuihamishia kwa fundi wake. Nilicheka, kisha nikaona haya. Kama kundi lenu lina heshima ya namna hiyo, tumieni Telegram, ambako kura inaweza kufichwa majina, au fomu. Mkitumia fomu, ombeni nambari ya uanachama au herufi za mwanzo za jina, mtu asipige mara tatu.

Hatua ya sita ni ndogo lakini ilituletea kesi. Andikeni saa ya kufunga vizuri. Sisi tuliandika "mwisho saa 3 usiku". Wa Dar es Salaam na Mombasa wakaelewa. Wa Muscat wametutangulia saa moja, kwao ni saa 4. London mwezi wa Desemba ni saa 12 jioni, Toronto ni saa 7 mchana. Hayo ni sawa, mtu anapiga hesabu. Kesi ilikuwa kijana aliyezaliwa huko huko Toronto, Kiswahili anakijua lakini saa anahesabu kizungu, akaelewa saa 3 ni ile ya alfajiri. Akaja kupiga kura tumekwishatangaza. Sasa tunaandika "saa 3 usiku, yaani 21:00, kwa saa za Afrika Mashariki", na kura inakaa wazi siku tano, Ijumaa ikiwamo.

Kutangaza kusiwe na mbwembwe. Toeni idadi zote, hata za walioshindwa. Wakilingana wawili, wapeni wote wawili, msirudie kura, watu wamechoka. Zawadi yetu mwaka huu ilikuwa kubandika muhtasari wa takasia juu ya kundi kwa mwezi mzima, na yule mzee wa picha tulimnunulia vocha. Akatujibu kwa ujumbe wa sauti, dakika nane, kwamba bado hatujaelewa kanuni.

Naona jirani amekwishafika, kavua viatu mlangoni. Kama mna swali andikeni hapo chini nitajibu kesho. Narudisha kete: sita nyumbani, mbili na mbili mashimo ya pembeni, ishirini na mbili mkononi. Wewe, kaa upande ule, leo naanza mimi.