Michomo 50 na Karatasi ya California

Karibuni, kaeni. Waliokuja kusikia habari za mshahara nawavunja moyo mapema, leo sitaugusa. Nimeombwa nizungumzie cheti cha kuchukua damu katika jimbo la California. Nimepewa dakika 40, na mnaonifahamu mnajua nusu yake itaishia kwenye tyubu ya zambarau, yaani ile ya kuwekea damu yenye kifuniko cha zambarau. Mnivumilie.

Nianze na malalamiko ninayoyasikia kila nikishuka jukwaani: "Mwalimu, kozi nimemaliza, cheti ninacho, mbona maabara hawanichukui?" Ndugu yangu, cheti huna. Ulicho nacho ni karatasi ya shule inayosema ulihudhuria. Karatasi ziko tatu. Ya kwanza inatoka shuleni. Ya pili inatoka kwa chombo kilichokutahini mtihani wa kitaifa, kama ASCP, AMT, NCCT au NHA. Ya tatu inatoka kwa serikali ya jimbo, Idara ya Afya ya Umma ya California, kitengo chake cha maabara. Hiyo ya tatu ndiyo inayokuruhusu kuingiza sindano kwenye mkono wa mtu. Mbili za kwanza ni viambatisho vya ombi lako, basi. Mtu anafaulu mtihani wa taifa, anapiga picha na cheti, anapongezwa na ukoo mzima, halafu Jumatatu anaripoti kazini bila karatasi ya jimbo. Anarudishwa nyumbani, na waliomrudisha hawana kosa.

Sasa, sheria inamzungumzia "mfanyakazi wa maabara asiye na leseni", na hapo ndipo wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki tunapojikwaa. Kwetu hakuna sana kada ya mtu ambaye kazi yake ni kuchukua damu peke yake. Anayechukua ni muuguzi, au ni fundi sanifu wa maabara huyo huyo atakayekwenda kuipima. Kwa hiyo mtu anakuja na stashahada yake nzuri kutoka Muhimbili au KMTC, chuo cha tiba cha Kenya, na usajili wa baraza la nyumbani, anaambiwa yeye ni "asiye na leseni", anakasirika. Usikasirike. Sheria haisemi hujasoma, inasema leseni ya California huna. Daktari mwenye leseni ya jimbo, muuguzi mwenye leseni ya jimbo, mwanasayansi wa maabara mwenye leseni ya jimbo, hao hawahitaji cheti hiki. Wewe, mpaka leseni yako ya huku itakapotoka, unakihitaji. Uuguzi wa Nairobi hauvuki bahari peke yake.

Hesabu zenyewe ni hizi, na muandike, maana sitazirudia. Kwa cheti cha CPT I, yaani cha mchukuzi wa damu anayechoma vena (mshipa wa damu) na ngozi, kama ya kidole, mtu asiye na uzoefu anadaiwa saa 40 za darasani: 20 za msingi na 20 za juu. Halafu saa 40 za vitendo kwenye kituo chenye wagonjwa. Ndani ya hizo saa za vitendo, michomo ya vena isiyopungua 50 na ya ngozi isiyopungua 10, yote iliyofanikiwa na iliyoandikwa. Awe amemaliza sekondari au ana kinacholingana nayo, na kama shule ilikuwa nje ya Marekani, vyeti vyake vikatathminiwe kwanza. Halafu mtihani. Halafu ombi kwa jimbo.

Kuna atakayesema, "Mimi nimechukua damu miaka kumi na tano, 50 za nini tena?" Njia ya wenye uzoefu ipo. Lakini hata yule aliyekubaliwa kuwa ana saa 1,040 au zaidi ndani ya miaka 5 iliyopita bado anadaiwa zile saa 20 za juu, barua ya msimamizi mwenye leseni, na mtihani. Na angalia vizuri anachosamehewa: anasamehewa saa za msingi, yaani kujua vena iko wapi na sindano inashikwaje. Za juu hasamehewi mtu. Kwa nini? Kwa sababu kwenye zile 20 za juu ndiko yaliko mambo ya dawa za kuzuia damu kuganda na makosa yanayotokea kabla sampuli haijafika kwenye mashine. Mkono hodari haukufundishi hayo. Mtu anaweza kupata vena gizani na bado akaharibu kila tyubu anayoijaza.

Haya, tumefika kwenye tyubu ya zambarau.

Ndani yake, mnajua, mna EDTA, kemikali ya kuzuia damu kuganda. Tyubu nyingi huku zina ile ya K2, yaani chumvi ya potasiamu. EDTA inaikamata kalsiamu yote, na damu bila kalsiamu haigandi. Ndiyo maana inafaa kuhesabia chembe za damu. Sasa mchukuzi wa damu amejaza zambarau kwanza, ikajaa vizuri. Akaja kwenye ya dhahabu, ile ya seramu, yaani maji yanayobaki damu ikiganda, vena ikakata. Ana mililita moja, maabara inataka zaidi. Mgonjwa ameshakunja uso na kumchoma tena ni aibu. Basi anafungua kifuniko cha zambarau, anamimina kidogo kwenye ya dhahabu, anafunga. Damu ni ile ile, ya mtu yule yule, mkono ule ule. Kosa liko wapi?

Kosa ni kwamba amemimina potasiamu. Mashine inasoma potasiamu 8 na zaidi, na kalsiamu iliyoshuka hadi kiwango ambacho mwenye nacho asingekuwa amekaa kitini akiuliza kama anaweza kwenda kazini. Hilo kosa kubwa ndilo zuri, na nasema zuri kwa maana yake. Mwanasayansi wa maabara akiona potasiamu iko juu kupita kiasi na kalsiamu iko chini kupita kiasi kwenye sampuli moja, anajua kilichofanyika, anaikataa, anaomba nyingine.

Linaloniumiza kichwa ni dogo. Hakumimina. Alichukua zambarau kwanza na dhahabu baadaye, au aliinamisha mkono wa mgonjwa vibaya, damu ya zambarau ikagusa ncha ya nyuma ya sindano, tone likaingia kwenye tyubu ya pili. Potasiamu ya kawaida kwa mtu mzima ni kama 3.5 hadi 5. EDTA ikiingia ya kutosha, 4.6 inaweza kusomeka 5.9. Hiyo 5.9 inaaminika! Hakuna wa kuitilia shaka. Daktari anampigia mgonjwa usiku aende hospitali, anapimwa moyo, anachukuliwa damu upya, inarudi 4.6. Kila mtu anailaumu mashine. Na geuza upande wa pili, maana huo ndio unaoua: mgonjwa anayetumia dawa za kukojoza maji, potasiamu yake ya kweli ni 2.8, moyo uko hatarini. EDTA ikaingia, ikasomeka 3.8. Kawaida. Mgonjwa anaambiwa uko salama, nenda nyumbani. Hakuna kengele iliyolia popote, na aliyechoma vena alichoma vizuri kabisa, bila hata kuacha alama.

Ndiyo maana mpangilio wa tyubu si mapambo ya ukutani. Chupa za kuotesha vijidudu kwanza, kisha buluu, kisha nyekundu au dhahabu, kisha kijani, kisha zambarau, mwisho kijivu. Mtahiniwa anaukariri kama kibwagizo, anafaulu, halafu kazini anaupindua kwa sababu vena inakaribia kukata na anaitaka zambarau kwanza. Aliyekariri bila kujua sababu ataupindua siku ya kwanza ya haraka. Aliyeelewa kile nilichosema sasa hivi kuhusu potasiamu hataupindua hata ukimtisha.

Na kuna potasiamu ya uongo isiyohusu EDTA hata kidogo. Mpira wa kufunga mkono ukikaa zaidi ya dakika moja. Mgonjwa akiambiwa afumbe na kufumbua ngumi, "piga ngumi, piga ngumi," kama anajiandaa kwa ndondi. Misuli inatoa potasiamu. Mwambie afumbe ngumi mara moja na atulie. Damu ikivutwa kwa nguvu kwa bomba kupitia sindano nyembamba, chembe nyekundu zinapasuka, seramu inatoka ya rangi ya waridi. Spiriti isipoachwa ikauke, kama sekunde 30, matokeo ni hayo hayo, na mgonjwa analia kwa kuwashwa juu yake. Tyubu ikitikiswa kama chupa ya dawa ya kikohozi badala ya kugeuzwa polepole: zambarau mara 8 hadi 10, buluu mara 3 au 4.

Naona saa. Turudi kwenye zile 50.

Kanuni inataka michomo hiyo ifanywe kwa wagonjwa wa umri mbalimbali, wa hali mbalimbali za afya na unene. Mkono wa plastiki hauhesabiwi, na hata ungehesabiwa haukufundishi kitu, maana haujawahi kuzimia. Shule inayokuwekea vijana 50 wenye mishipa kama kamba inakuibia. Kabla hujalipa ada, uliza mambo mawili: shule imeidhinishwa na jimbo? Na kituo cha vitendo kimeshapatikana, au nitawekwa kwenye foleni ya miezi? Kuna shule zinamaliza darasa kwa wiki chache halafu zinakwambia "tutakupigia". Saa 40 za darasani bila mahali pa kuchoma ni ada ya bure.

Kuna mwingine hapo nyuma najua anachokiwaza: "Binamu yangu anachukua damu kwenye kliniki ya daktari na cheti hicho hana." Kweli. Binamu yako ni msaidizi wa kliniki, huku wanamwita "medical assistant". Anafanya kazi kwenye ofisi ya daktari chini ya sheria nyingine, iliyomtaka saa 10 za mafunzo, michomo 10 ya vena na 10 ya ngozi. Havunji sheria. Lakini akivuka barabara kwenda kuajiriwa na maabara, ruhusa hiyo haimtoshi, anadaiwa cheti cha jimbo. Na wakubwa wa maabara wanaojaribu kumpitisha kwa mlango huo wanajua wanachokifanya.

"Mbona majimbo mengine hayadai?" Mengi hayadai, ni kweli. Yanayodai ni California, Louisiana, Nevada na Washington, kila moja kwa utaratibu wake. Kwingine mwajiri ndiye anayeamua, na wengi wanaomba cheti cha kitaifa tu. California nayo haikudai zamani. Mwaka 1999, Palo Alto, iligundulika kuwa mchukuzi mmoja wa damu alikuwa anaosha sindano na kuzitumia tena. Maelfu ya wagonjwa wakaitwa kupimwa ukimwi na homa ya ini. Sheria ikapita mwaka huo huo, kanuni zikaanza Aprili 9, 2003, na waliokuwa kazini wakapewa hadi Aprili 9, 2006 wawe na cheti. Anayeniambia masharti haya ni urasimu wa watu wenye nafasi, namwomba afikirie yule aliyefungua barua ile sebuleni kwake.

Yaliyobaki nayapitia mbio, mtanisamehe. Buluu: lazima ijae hadi alama, kwa sababu ni sehemu 9 za damu kwa 1 ya sitreti, kizuia kuganda kilichomo humo. Ikijaa nusu, damu inaonekana inachelewa kuganda, na mgonjwa wa warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, anapunguziwa dozi aliyokuwa anaihitaji. Ukitumia sindano ya kipepeo na buluu ndiyo ya kwanza, tanguliza tyubu ya kutupa, maana hewa ya kwenye mpira inakula nafasi ya damu. Vena: tafuta ya katikati ya kiwiko kwanza. Ile ya upande wa ndani ina ateri na neva jirani, iwe ya mwisho. Kisigino cha mtoto mchanga, kina kisizidi milimita 2. Jina: muulize mgonjwa alitaje mwenyewe na tarehe ya kuzaliwa, usimwambie "wewe ndiye Bi Asha?" maana mwenye usingizi anaitikia kila jina. Lebo unabandika mbele yake, kabla hujatoka chumbani.

Usimamizi: CPT I hafanyi kazi kivyake. Yupo mwenye leseni anayekagua kazi yake walau mara moja kwa mwezi, na apatikane ndani ya dakika 30 akihitajika, hata kwa simu. Ateri huzigusi, hizo ni za CPT II, ambaye anadaiwa michomo 20 ya ateri na saa 1,040 za uzoefu ndani ya miaka 5. Nilitaka kulizungumza kwa urefu, haliwezekani tena.

Cheti ni cha miaka 2. Kukihuisha kunadai saa 6 za masomo ya kuendelea, saa 3 kwa kila mwaka. Msizisubirie wiki ya mwisho. Cheti kilichopitwa na tarehe ni sawa na kutokuwa nacho, na mwajiri akikuweka zamu nacho hivyo, mna kosa wote wawili.

Ndiyo, dada, mkono nimeuona. Unauliza kama aliyesomea CNA, yaani usaidizi wa muuguzi, anapunguziwa chochote. Hapunguziwi. CNA ni cha uangalizi wa wagonjwa, na huku hakimruhusu mtu kuchoma vena. Anaanza na saa 40 kama kila mtu. Haya, anayefuata.