Maharage Yaliyokwisha Kuchambuliwa

Shikamooni wazee wangu. Wengine hamjambo.

Mwenyekiti ameniomba nizungumze kuhusu afya ya akili kwa wazee, kanipa dakika ishirini. Walionisikia mwaka jana wanajua nitasema nini, wanivumilie. Nitaacha kulisema siku nitakayopita Uru au Kibosho nisikute bibi amekalishwa barazani kwenye kiti cha plastiki tangu saa moja asubuhi, mikono mapajani, eti anapumzika. Anapumzika kazi gani?

Mimi ni mtoa tiba kwa vitendo. Watu wakisikia hivyo wananiletea aliyepata kiharusi nimnyooshe vidole. Sawa, na hiyo ipo. Lakini tangu fani hii ipate chama chake kule Marekani mwaka 1917, imesimama juu ya jambo moja: mtu akikosa la kufanya anaugua, akilipata anapata nafuu. Na mimi niliyesomea hayo, ninayelipwa mshahara kwa hayo, nilimnyang'anya mama yangu mundu.

Niacheni niieleze hii vizuri. Baba alipofariki, sisi watoto tulikaa kikao tukakubaliana mama asibaki peke yake kihambani, kwenye shamba la nyumbani kule kijijini. Ng'ombe tukauza. Mundu wake wa kukatia majani, ulionolewa miaka na miaka mpaka ukabaki mwembamba kama mwezi mwandamo, nikaufunga kwenye gazeti nikauweka juu ya kabati langu. Mama mwenyewe tukamleta kwangu Moshi mjini, Pasua. Vigae, televisheni, dada wa kazi. Alikuwa na miaka 74.

Miezi mitatu haikuisha. Hakulia hata siku moja, na hapo ndipo wengi tunapotea, tunangoja machozi. Yeye ilikuwa magoti yanauma, mara tumbo limejaa gesi, mara usingizi hauji. Akawa anakunja kitenge, anakikunjua, anakikunja tena. Nikampeleka hospitali apewe dawa ya usingizi. Daktari, kijana mdogo tu, akamuuliza: "Bibi, asubuhi unaamka kufanya nini?"

"Kungoja chai."

Nilitamani ardhi ipasuke.

Basi nikajitia utaalamu. Nikanunua maharage kilo tano, nikampa achambue. Akachangamka kweli, ungo mapajani, mawe upande huu, yaliyotobolewa na wadudu upande ule. Siku mbili yakaisha. Siku ya tatu, aibu tupu, nikayarudishia mawe yale yale nikampa tena. Mama akachezesha ungo mara mbili, akaokota jiwe moja jeusi, akaligeuza kwenye vidole. "Hili nililitoa juzi." Akauweka ungo chini, na maharage ya nyumba yangu hakuyagusa tena.

Mnacheka. Kule Los Angeles walishalijaribu jambo hili, matokeo yakatoka mwaka 1997. Watu 361, wote wa miaka 60 na kuendelea, makundi matatu, miezi tisa. Kundi moja wakaachwa walivyo. La pili wakapewa shughuli za kuwachangamsha, wakae pamoja, wasiboreke. La tatu wakakaa na watoa tiba kwa vitendo, kila mmoja akapanga upya siku zake kwa yale yenye uzito kwake yeye. Hao ndio walionufaika. Wale wa kuchangamshwa hawakuwazidi walioachwa hivihivi. Mama yangu alilijua hilo kwa jiwe moja.

Namwona dada pale amekunja uso: na akianguka je? Ndiyo, nyonga ikivunjika uzeeni si mchezo, silidharau. Lakini mama alianguka mara moja tu, na ilikuwa bafuni kwangu, kwenye vigae vyangu. Mwingine anawaza majirani watasema watoto wanamtumikisha mzazi. Majirani hao hao ambao mama zao wanangoja chai? Waache waseme.

Tukamrudisha nyumbani. Sitawadanganya kwamba alirudi kukata majani, magoti yalikataa. Tulikaa kikao kingine, safari hii na yeye akiwemo, na akatupa masharti. Wa kusema mkungu upi ukatwe na lini ni yeye. Mbegu za maharage anazihifadhi yeye. Na mundu wake aliudai siku ile ile. Sasa kijana tuliyemwajiri anakwenda kwake kila asubuhi kupokea maagizo, na anafokewa sawasawa. Usingizi umerudi, si wote. Kuna siku bado anaamka mzito, na dawa za sonona anameza. Sijasema dawa zitupwe, tafadhali! Mtu asitoke hapa akasema nimesema.

Nilikuwa na mengine, niyapitie mbio. Akina meku, yaani wazee wa kiume: mtumishi wa umma analazimika kustaafu akiwa na miaka 60, Ijumaa ni bosi, Jumatatu hana hata wa kumgongea mlango. Hilo lina mhadhara wake. Masikio na macho: tume ya jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2024 ilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya ugonjwa wa kusahau na ambayo yanaweza kushughulikiwa, humo umo usikivu, umo uoni, imo sonona, umo upweke. Mzee asiyesikia mnamwita mkaidi. Mpelekeni akapimwe. Na aliyekwisha kuanza kusahau msimweke kando, hapo wilayani Hai tu wamewahi kuwakusanya wazee wa namna hiyo, vikao 14 kwa wiki saba, na ikawasaidia. Ninyi mnaopanda huku Desemba na blanketi jipya na "bibi usijisumbue", ninyi sina muda wenu leo.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Maswali tuulizane nje tukitembea, maana nataka niwahi Mbuyuni kabla hawajafunga. Mama ameniagiza tupa ya kunolea mundu. Nilimuuliza ya nini na majani hakati, akasema nilete tupa, maswali nibaki nayo.