Kingo za Kope Zinazowasha Mwaka Mzima: Mhadhara wa Afya ya Macho, Moshi

Wazee wetu, shikamooni. Na wengine wote, hamjambo.

Unaamka macho yamegandamana, tongotongo limekaukia kwenye mashina ya nywele za kope. Kingo ni nyekundu, zinawasha, unahisi kama mchanga umeingia. Umekwenda duka la dawa ukapewa matone, ukapata nafuu wiki moja, hali ikarudi vilevile. Ugonjwa huu kitaalamu ni blefaritisi, yaani kuvimba kwa kingo za kope. Nalisema mapema ili anayesubiri chupa ya kumaliza kazi asikae bure: huu hautibiwi ukaisha, unatulizwa. Ukitulizwa vizuri, mtu anakaa miezi bila kusumbuka. Akiacha matunzo, unarudi.

Ndani ya kila kope kuna tezi nyembamba zilizopangwa wima, kati ya 20 na 40, na matundu yake yapo ukingoni, nyuma kidogo ya mstari wa nywele. Zinaitwa tezi za Meibom, kwa jina la daktari Mjerumani aliyezieleza mwaka 1666. Kazi yake ni kutoa mafuta yanayofunika machozi yasikauke upesi. Mnajua mafuta ya nazi mwezi wa Julai hapa Moshi: chupa unaipindua na hayatoki. Mafuta ya tezi zilizougua huwa mazito namna hiyo hata ndani ya mwili wenye joto. Tundu linaziba, machozi yanakauka, bakteria wa kawaida wa ngozi wanaongezeka, ukingo unavimba. Ndiyo maana matone peke yake hayafui dafu: yanaosha jicho, tezi inabaki imeziba.

Kwa hiyo tiba inaanza na joto, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanachovya kitambaa kwenye maji ya uvuguvugu, wanakiweka jichoni, baada ya dakika moja kimepoa, nao wanahesabu wamemaliza. Mafuta hayo yanataka joto la nyuzi 40 hivi, tena kwa dakika 5 hadi 10 mfululizo. Weka maji ya moto kwenye chupa ya chai, uwe na bakuli na taulo mbili ndogo safi. Changanya maji kwenye bakuli, chovya taulo, kamua, jaribu kwanza upande wa ndani wa kifundo cha mkono. Likikuchoma hapo, litakuchoma kwenye kope, ambayo ngozi yake ni nyembamba zaidi. Funga macho, weka. Kila baada ya dakika moja au mbili badilisha taulo, na maji ya bakuli yakipoa ongeza ya chupa.

Ukitoa taulo usikae kupiga soga, mafuta yataganda tena. Macho yakiwa yamefungwa, kwa ncha ya kidole safi sukuma kope ya juu kuelekea chini, na ya chini kuelekea juu, yaani daima kuelekea kwenye nywele, kama mara 5 hadi 10. Usilikandamize jicho lenyewe. Halafu safisha ukingo: matone machache ya shampuu ya watoto ndani ya maji yaliyochemshwa yakapoa, chovya kijiti cha pamba, pitisha kwenye mashina ya nywele mpaka magamba yatoke, kisha suuza. Jicho la pili, kijiti kipya.

Wengine hutumia soda ya bikaboneti, robo kijiko cha chai kwa kikombe cha maji. Hiyo inakubalika, ila jamani, si magadi! Tunajua magadi yapo karibu kila jiko la huku, lakini ni makali na yanaweza kuunguza kioo cha jicho, yaani ule utando angavu wa mbele.

Fanya asubuhi na jioni kwa wiki 2 hadi 4, kisha mara moja kwa siku, na uendelee hata ukiona umepona. Wanja usipakwe upande wa ndani wa nywele, maana unaziba matundu yaleyale tunayohangaika kuyazibua. Kope za kubandika ziwekwe kando.

Dawa zina nafasi yake. Daktari anaweza kukupa malhamu ya tetrasaiklini ya asilimia 1, upake kidogo ukingoni usiku. Kwa hali sugu hutolewa doksisaiklini ya kumeza kwa wiki kadhaa. Mjamzito na mtoto wa chini ya miaka 8 hawapewi. Imeze kwa glasi nzima ya maji ukiwa umekaa, usilale hapohapo, inaunguza koo. Kinachotutisha ni matone yenye steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe kama deksamethasoni, yanayonunuliwa bila kupimwa. Wekundu unaisha siku mbili, mtu anafurahi, anaendelea miezi. Huku ndani presha ya jicho inapanda bila maumivu na mtoto wa jicho anaanza. Na kama kioo kilikwaruzwa na jani la mahindi na fangasi wakaingia, steroidi inawachochea.

Si kila ukingo mwekundu ni blefaritisi. Kwa wanaotoka maeneo ya wafugaji ya Longido, Monduli na Ngorongoro, tunaikunja kope kwanza kutafuta trakoma, maambukizi ya bakteria yanayoacha makovu ndani ya kope, na kuangalia kama nywele zimegeukia ndani. Hizo zinakwaruza kioo, na taulo la moto halisaidii. Huenda ikahitajika kope ifanyiwe upasuaji. Kwa mtoto anayefikicha macho kutwa, mara nyingi ni aleji. Ukiona tatizo liko jicho moja tu, nywele zinanyonyoka, au kivimbe kinarudi palepale kila kikitolewa, nenda ukapimwe, kwa sababu saratani ya kope hujificha hivyo. Maumivu makali, kuogopa mwanga, kuona kwa ukungu au doa jeupe kwenye kioo: hayo ni ya siku hiyohiyo, usingoje wiki.

Sasa tutaonyesha kwa vitendo pale mezani. Aliyekuja na chupa za dawa anazotumia azilete tusome pamoja maandishi ya pembeni, hasa yale madogo yanayotaja dawa iliyomo.