Mfereji Hauna Mlima, Vijiji Vinao: Kwa Baiskeli Kando ya Canal de Bourgogne

Mabibi na mabwana, habari za jioni.

Tazameni ramani hii ukutani. Mstari wa buluu ni Canal de Bourgogne, mfereji unaoanzia Migennes, kusini-mashariki ya Paris, na kuishia Saint-Jean-de-Losne kwenye mto Saône. Urefu wake ni kilomita 242. Ulianza kuchimbwa mwaka 1775 na ukafunguliwa mwaka 1832, ili bidhaa zitoke upande wa Paris hadi mito inayoshuka Mediterania bila kupakuliwa njiani. Siku hizi wapitao ni watalii na mashua zao. Pembezoni mwa maji imebaki njia ambayo zamani watu na farasi waliitumia kuvuta mashua kwa kamba, na hiyo ndiyo tutakayoifuata leo hadi mji wa Dijon, kilomita 212 hivi.

Anayepanga safari hii kwa mara ya kwanza huchukua 212, akagawa kwa 70, akasema siku tatu zinatosha. Zinatosha kweli, kama anataka kuona maji na miti tu. Kosa la hesabu hiyo tutaliona tukielewa kwanza mfereji unavyofanya kazi.

Migennes iko mita 80 hivi juu ya usawa wa bahari. Kilele cha mfereji, Pouilly-en-Auxois, kiko mita 378. Maji hayapandi mlima, kwa hiyo wahandisi walijenga ngazi: malango 113 upande huu, na mengine 76 upande wa Saône. Kila lango ni chumba cha mawe chenye milango miwili. Mashua inaingia, mlango unafungwa, maji yanajazwa, mashua inainuka mita mbili na nusu au tatu, kisha inatoka upande wa pili. Mwendesha baiskeli anapata nini hapo? Tambarare, kisha kamwinuko kafupi pembeni mwa lango, kisha tambarare tena. Mita 300 za kupanda zinamezwa hivyo bila jasho la kutaja. Kwenye vibanda vya malango mtaona namba na herufi: Y ni upande wa mto Yonne, yaani wa Migennes, S ni upande wa Saône. Zishikeni, maana hata pasipo kibao cha barabara zinawaambia mko wapi.

Vijiji ni habari nyingine. Vilikuwepo karne nyingi kabla ya mfereji, na waliovijenga walikuwa wakimhofia adui, si mafuriko. Wakakaa juu ya vilima. Mfereji ukaja baadaye, ukapita bondeni. Ndiyo maana karibu kila mahali pazuri pa kutazama pako juu yako, kando ya njia, na panadai mguu. Pangeni siku zenu kwa vilima mtakavyopanda, kilomita zije baadaye. Kilima kimoja cha haja kwa siku kinatosha kwa mtu mwenye mizigo. Viwili, kesho yake mtalala hadi saa nne asubuhi.

Na maziwa mtakayoyaona njiani? Kila mashua ikivuka kilele, inateremsha maji pande zote mbili, na kule juu hakuna mto wa kuyarudisha. Ikabidi yajengwe mabwawa: Panthier, Tillot, Cercey, Chazilly, Grosbois, na baadaye Pont karibu na Semur. Yote tunayoyaita maziwa katika safari hii, isipokuwa la mwisho, ni matangi ya mfereji. Jambo hili lina maana kwa msafiri. Mwezi Juni yamejaa. Kufikia Septemba yameshuka, na palipokuwa ufuo panakuwa tope linalozamisha mguu hadi kifundoni. Mwaka wa ukame, sehemu ya juu ya mfereji hufungwa kabisa kwa mashua. Baiskeli haizuiliwi, lakini anayetaka kuogelea Panthier aende kabla ya katikati ya Agosti.

Sasa njia yenyewe. Migennes hadi Tonnerre ni kilomita 45 hivi, nyepesi, na niseme kweli, sehemu yake kubwa inachosha macho. Thamani yake ni kwamba inawapa siku moja ya kugundua mzigo upi unagonga kisigino. Tonnerre kuna mambo mawili. Moja ni hospitali ya kale iliyoanzishwa mwaka 1293 na Marguerite de Bourgogne, ukumbi mmoja mrefu wenye dari la mbao kama mtumbwi uliopinduliwa. La pili ni Fosse Dionne, chemchemi ya maji ya kijani-buluu inayobubujika kutoka ndani ya mwamba, iliyozungushiwa mahali pa kufulia nguo pa mviringo katika karne ya 18.

Kutoka hapo hadi Montbard ni karibu kilomita 60, na majumba ya kifahari ya Tanlay na Ancy-le-Franc yako karibu na maji, hayana kilima. Kabla ya Montbard mnapita kijiji cha Buffon, alipojenga kiwanda chake cha chuma yule mwanasayansi Buffon, mzaliwa wa Montbard. Kisha jipeni nusu siku kwa abasia ya Fontenay, kilomita sita hivi kutoka Montbard kupitia Marmagne. Ilianzishwa mwaka 1118, na iko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1981. Barabara inapanda taratibu tu, kwa kuwa watawa wale walitafuta bonde lenye maji na upweke. Kati ya sehemu kongwe za safari hii, hii ndiyo isiyowatoza jasho.

Vilima vinavyotoza vinaanza Venarey-les-Laumes. Upande wa kushoto ni kilima cha Alise-Sainte-Reine, ambako Kaisari wa Roma aliwazingira Wagaul, wenyeji wa kale wa nchi hiyo, mwaka 52 kabla ya Kristo, na sanamu ya kiongozi wao Vercingetorix imesimama juu tangu 1865. Mbele kidogo, kutoka Pouillenay, ni Flavigny-sur-Ozerain, kijiji cha kuta na malango ya Zama za Kati kinachotengeneza peremende za anisi. Chagueni kimoja. Ushauri wetu ni Flavigny, asubuhi, kabla jua halijakaa kwenye ule mteremko. Ni zaidi ya mita 150 za kupanda katika kilomita chache, na hapo ndipo gia zenu zitahojiwa.

Tuzihoji basi. Baiskeli yenye mzigo wa kilo 15 inahitaji gia ambayo sproketi ya nyuma ina meno mengi kuliko ya mbele: mbele 28, nyuma 34, kwa mfano. Baiskeli za kukodi za mjini mara nyingi zina 38 mbele na 28 nyuma. Kwa Flavigny mtazisukuma kwa mikono. Ulizeni kabla ya kulipa. Tairi liwe na upana wa milimita 38 au 40, kwa sababu njia hubadilika: lami laini, kokoto zilizoshindiliwa, na hapa na pale kijia chembamba cha udongo katikati ya nyasi. Kwa mtu wa kilo 80, pampuni 3 mbele na 3.5 nyuma kwa kipimo cha bar. Mkiacha tairi la nyuma likalegea, mizizi ya miti iliyoinua lami italibana tyubu dhidi ya ringi, na mtapata pancha ya matundu mawili sambamba. Tundu moja dogo ni mwiba, na miiba huzidi pale wanapokata ua wa kando ya njia. Pitisheni kitambaa ndani ya tairi kabla ya kurudisha tyubu. Mwiba uliobaki utatoboa ya pili.

Kwa waliozoea baiskeli nyeusi za nyumbani, angalizo. Ringi ya 28 ya Phoenix ina kipenyo cha milimita 635 pale tairi linapokaa. Ya Ufaransa iliyoandikwa 700C, ambayo nayo dukani huitwa 28, ina 622. Haziingiliani. Someni namba ndogo ubavuni, kama 40-622. Valvu pia ni nyembamba, yenye nati kichwani inayolegezwa kwanza. Pampu ya kawaida haiishiki bila kiunganishi. Na jaribuni breki mkiwa mmesimama: huko mkono wa kushoto mara nyingi unashika gurudumu la mbele, kinyume cha baiskeli za mtindo wa Kiingereza. Mteremkoni si mahali pa kujifunza hilo.

Spoki zinazokatika mara nyingi ni za gurudumu la nyuma upande wa gia, kwa kuwa ndizo zinazovutwa zaidi. Punguzeni uzito wa keria ya nyuma, wekeni vitu vizito chini kabisa ya mifuko, na chukueni spoki tatu za urefu sawa na zenu. Duka la baiskeli kwenye vijiji hivi si la kutegemea.

Duka la chakula nalo lina saa zake. Kati ya saa sita mchana na saa nane au tisa milango hufungwa, Jumapili mchana pia, na Jumatatu vijiji vingi hulala. Nunueni mkate asubuhi, kila asubuhi. Maji ya mfereji hayanyweki. Bomba la uhakika liko makaburini, ambako watu hunyweshea maua. Likiandikwa non potable, yaani si ya kunywa, acheni.

Barabarani mtakaa kulia, na wanaotoka Kenya, Tanzania au Uganda watakosea hasa wanapoondoka dukani, barabara ikiwa tupu. Hatari kubwa zaidi ni njia panda zisizo na alama: anayetoka kulia kwako ana haki ya kupita, hata akitoka kichochoroni na trekta. Nje ya makazi, usiku au penye ukungu, fulana ya kuakisi mwanga ni lazima kisheria, na watoto chini ya miaka 12 lazima wavae kofia ya usalama. Vipokea sauti vya masikioni ni marufuku.

Pouilly-en-Auxois mfereji unaingia chini ya ardhi kwa kilomita 3.3. Msitafute njia ndani. Handaki lile halina. Baiskeli hupita juu yake, mkifuata mstari wa miti na visima vya hewa. Baada ya hapo ni kushuka. Vandenesse-en-Auxois mtaona ngome ya Châteauneuf juu ya kilima, ikijitazama kwenye maji. Panda yake ni kama kilomita mbili na ni kali, na kutoka juu mnaona bwawa la Panthier, mfereji na barabara kuu ya magari kwa mtazamo mmoja. Hiki ndicho kilima cha mwisho. Laleni kando ya Panthier, mpande jioni bila mizigo.

Kutoka Pont-d'Ouche mfereji unakata kona kuelekea kaskazini-mashariki na kuufuata mto Ouche hadi Dijon. Siku hii huwa ya haraka, isipokuwa ule upepo baridi wa kaskazini-mashariki, bise, ukiamua kuwapokea usoni.

Kuhusu treni, ambalo najua mtaliuliza: reli inakwenda sambamba na mfereji kutoka Migennes hadi Montbard na Les Laumes, stesheni ya Venarey, kisha Dijon. Treni za mkoa hubeba baiskeli nzima, nafasi ni chache, fikeni mapema. Za kasi kwa kawaida zinataka nafasi iliyolipiwa, au baiskeli iliyofunguliwa ndani ya mfuko usiozidi sentimita 130 kwa 90. Lakini kati ya Les Laumes na Dijon reli inaachana na mfereji. Anayevunjikiwa Pouilly hana stesheni ya kukimbilia, kwa hiyo gurudumu linalolia Venarey litengenezwe Venarey.

Mtaingia Dijon kupitia Lac Kir, ziwa lililokamilishwa mwaka 1964 enzi za meya wa mji Félix Kir, padri. Hili halilishi mfereji wowote. Lilitengenezwa watu wa mjini wapate pa kuogelea. Kutoka ufuoni hadi stesheni ni kilomita tatu hivi, tambarare.