Mfalme Asiyesikika: Filamu ya Richard III ya Mwaka 1912

Mheshimiwa mwenyekiti, mabibi na mabwana,

Filamu bubu tutakayoitazama jioni ya leo ilitengenezwa Marekani mwaka 1912, ikapotea, na kwa miongo mingi wanahistoria wa sinema waliihesabu miongoni mwa zilizokwisha kuangamia. Mwaka 1996 mzee mmoja wa Portland, Oregon, aliyewahi kufanya kazi ya kuendesha projekta, aliikabidhi kwa Taasisi ya Filamu ya Marekani, baada ya kuitunza nyumbani kwake miaka mingi. Mkanda wa naitreti, yaani aina ya plastiki iliyotumika kwa filamu za zamani, hushika moto upesi, na usipotunzwa huoza ukawa unga. Kupata mikanda mitano ya namna hiyo, yenye takriban dakika 55 za mchezo, ni bahati isiyo ya kawaida.

Hata hivyo, si ukongwe wake unaonishughulisha. Tamthilia ya Shakespeare ambayo filamu hii imetokana nayo, kuhusu Richard wa Tatu, mfalme wa Uingereza, ni tamthilia ya ulimi. Richard hulifikia taji kwa maneno, hata akamposa Lady Anne mbele ya maiti ya Mfalme Henry wa Sita, baba mkwe wa mwanamke huyo, ambaye yeye Richard ndiye aliyemuua. Mtu wa aina hiyo akinyang'anywa sauti, hubaki na nini? Watengenezaji walijibu kwa kutuonyesha damu mapema: mauaji ya Henry, ambayo Shakespeare aliyaweka katika tamthilia nyingine, hapa tunayashuhudia kwa macho.

Frederick Warde, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1851, alikuwa mkongwe wa jukwaa alipoigiza nafasi ya Richard. Kamera imetulia mbali, naye anarusha mikono kana kwamba anamwigizia mtazamaji wa kiti cha mwisho kabisa. Wapo wanaomcheka kwa hilo. Mimi naona wanamhukumu kwa nusu ya kazi yake. Kwa maana Warde alisafiri pamoja na filamu hiyo, akatoa mhadhara ukumbini, na mikanda ilipokuwa ikibadilishwa alikariri vifungu vya tamthilia kwa sauti yake mwenyewe. Mfalme aliyekuwa bubu kwenye pazia alikuwa amesimama kando yake, akisema.

Baadaye mtunzi wa muziki wa Italia, Ennio Morricone, aliitungia filamu hii muziki, nao ni mzuri, lakini leo hatutaupiga. Kila mkanda utakapokwisha taa zitawashwa, nami, kwa sauti isiyofikia ya Warde hata kidogo, nitawasomea maneno ya Richard.