Bay rum: tengeneza mwenyewe spiriti ya baada ya kunyoa

Karibuni. Chupa hii mnayoiona, yenye maji ya rangi ya chai, ni bay rum. Unaipaka ukishanyoa ndevu: inachoma kidogo, inapoa, halafu inakuachia harufu ya viungo. Ilivuma kutoka Saint Thomas, kisiwa cha Karibi kilichokuwa cha Denmark hadi Marekani ilipokinunua mwaka 1917. Huko ndiko mfamasia Albert Riise alikoifanyia biashara katika karne ya 19.

Tuanze na majani ya bay, maana hapa wengi hukosea. Haya si yale majani makavu ya kutia kwenye mchuzi. Ni ya mti mwingine kabisa, Pimenta racemosa, na ukilivunja jani lake pua inakwambia karafuu. Si ajabu: yote mawili yana eujeno, mafuta yaleyale ambayo madaktari wa meno huyatumia kutuliza maumivu. Ukiyakosa, tumia ya mchuzi, ila harufu itakuwa nyingine.

Chukua mtungi wa kioo, safi na mkavu. Weka majani 6 uliyoyavunjavunja, punje 10 za olspaisi (allspice, kiungo cha punje kavu zinazofanana na pilipili manga) ulizozipondaponda, karafuu 4, na kijiti cha mdalasini cha sentimita 3 hivi.

Karafuu 4 tu, jamani. Mara ya kwanza mimi nilitia kijiko kizima, nikaona harufu tamu, nikajipaka. Nilikaa na uso mwekundu hadi jioni. Eujeno nyingi inawasha, mdalasini nao ni hivyohivyo, na ngozi iliyotoka kupitiwa na wembe haina subira.

Sasa ganda la chungwa, nusu chungwa linatosha. Angalieni kisu changu: nakwangua ile rangi ya juu tu, ndiyo yenye mafuta ya harufu. Nyeupe ya ndani iache. Na usibadilishe ukaweka ndimu. Ganda lake lina vitu vinavyoweza kuunguza ngozi ikipigwa na jua.

Mimina vodka mililita 240, kisha ramu nyeusi vijiko 2 vya chakula. Mtaniuliza, mbona ramu kidogo na jina ni lake? Ramu nyingi za dukani zina sukari, ukiijaza uso utanata. Kazi ya kutoa harufu kwenye viungo tumeiachia vodka. Ile spiriti ya kuwashia jiko usiiguse kwa kazi hii, inaweza kuwa na methanoli, na hiyo ni sumu inayopenya hata kwenye ngozi.

Funga, tikisa, weka kabatini penye giza kwa wiki 2. Kila siku ukipita, itikise.

Haya, wiki 2 zimekwisha. Chuja kwanza kwa kitambaa, kisha kwa karatasi ya kuchujia kahawa. Hii ya pili inadondoka taratibu mno, nenda kafanye mambo mengine. Usiikamue, utarudisha unga wote ndani. Ikishatulia, ongeza gliserini kijiko 1 cha chai ili ngozi isikauke, tikisa, tia kwenye chupa ndogo.

Kabla ya kuigusisha usoni, paka tone ndani ya mkono, karibu na kiwiko, usubiri siku nzima. Pakiwasha au pakitoka vipele, achana nayo. Pakiwa salama, matone machache kiganjani yanatosha: sugua viganja, pigapiga mashavu na shingo, kaa mbali na macho. Kama umejikata, ruka hapo.

Chupa iandike jina, maana ina harufu ya kinywaji na haifai kunywewa. Iwe mbali na watoto, na mbali na moto pia, inashika haraka. Ukiona tope limetua chini baada ya muda, chuja tena.