Otoni gani, wandugu? Jibu langu kwa watu wa Bukavu

Jambo sana wandugu. Leo najibu, maana kila Septemba swali ni lile lile: "Yaya, otoni, yale majira ya baridi kuanza na majani kuanguka, imeingia Ufaransa, mbona wewe uko na singlendi? Hauko huko, unatudanganya." Sijawahi kusema niko Ulaya, mimi. Niko Martinique, kisiwa cha Ufaransa huko Karibi. Makaratasi ni ya Ufaransa, joto ni la hapa.

Siku ya ikwinoksi, mchana na usiku vinapolingana, tarehe 22 au 23 Septemba, jua hapa linatoka karibu saa kumi na mbili asubuhi na kuzama karibu saa kumi na mbili jioni. Sawasawa na Kadutu, huko kwenu Bukavu. Tena siku hiyo ninyi ndio linawapiga utosini, kwa sababu Bukavu iko karibu na ikweta; kwetu lilishapita juu ya kichwa katikati ya Agosti. Tofauti ipo, hapa Juni mchana unafika karibu masaa 13 na Desemba unabaki masaa 11 na kidogo, lakini nani anahesabu?

Septemba hapa watu wanaogopa vimbunga. Mwaka 2017, mwezi huu huu, Maria kilibomoa Dominica, jirani yetu wa kaskazini. Basi feza inaishia kwenye maji, mishumaa na sardini, na vingi vinakuja kwa meli. Takwimu za serikali za 2022 zilisema chakula hapa kinazidi bei ya Ufaransa bara kwa asilimia 40. Septemba 2024 watu wakaingia barabarani kupinga bei hizo. Sijisifu, wala silalamiki! Ila binamu aliyeandika kwamba nimesahau nyumbani, aje alipe umeme wangu mwezi mmoja tu. Na mama mdogo wa Bagira aliyeniomba koti la otoni, samahani sana mama, hapa nani atauza koti?

Halafu kibali cha kukaa. Ofisi moja iliniandikia kwamba jibu litatoka "otoni". Nikae dirishani nangoja majani yaanguke? Mwenye nyumba anadai kibali kipya, ofisi inadai barua ya mwenye nyumba, na mimi nimekwama hapo kati.

Sasa msiseme nimewaambia mje au msije. Hayo ni yangu, kila mtu na bahati yake. Aliyeko Réunion, kisiwa kingine cha Ufaransa, mumuulize mwenyewe: yeye yuko kusini mwa ikweta, na kwa kalenda yake Septemba hiyo hiyo ni printani, majira ya majani kuchipua.